Gemu kubwa ya dunia wazi: piga hesabu mbele ya kuanza, ujue utamaliza mwezi gani

Miye niko na sale ya gemu mu Katuba, hapa Lubumbashi, tele ine, Play (PlayStation) ine, batoto banalipa kwa mechi ama kwa nusu saa, basi kuhesabu masaa njo kazi yangu, niko na kaye yenye minaandika nani aliingia saa ngapi na alitoka saa ngapi. Na karibu kila juma kuko mutu ananiuliza: yaya, The Witcher 3 inamalizikaka mu masaa ngapi? Ama Skyrim, ama Elden Ring, zote gemu za dunia wazi, mule unatembea popote unataka. Alisikia mutu ku YouTube anasema masaa 50, anafikiri aah, juma mbili tu, kisha miezi sita unakutana naye bado anazunguka mu Novigrad, muji wa mu Witcher, anatafuta Ciri, binti wa mu hadisi.

Nitawaonyesha vile minafanyaka hesabu. Kamata kaye na biki, mu kichwa tu utajidanganya.

Hatua ya 1: sema kwanza "kumaliza" yako ni gani

Batu banatumia neno moja kwa bintu bitatu. Kuko kumaliza hadisi kubwa tu. Kuko kumaliza hadisi pamoja na misheni za pembeni zenye ziko na utamu. Na kuko kumaliza yote, kila pango, kila kisanduku, kila trofe. The Witcher 3, ile ya ba-Polandi ba CD Projekt Red ya mwaka 2015, hadisi peke yake inakula masaa kama 50, ukiongeza za pembeni inafika kama 100, ukitaka yote inapita 170. Muchezo ni mumoja lakini ya kwanza na ya mwisho zinapitana mara tatu!

Skyrim, ya 2011, njo iko na mutego zaidi. Hadisi yake ya madragoni ni fupi, masaa kama 35 tu, lakini sijaona mutu mwenye alifuata hadisi peke yake, unatoka kwenda kuua dragoni, njiani unaona pango, mu pango unakuta barua, barua inakutuma muji mwingine, na huko unaingia mu chama cha bezi. Pembeni pamoja na hadisi, inapita 100. Yote, inapita 230, na hata hapo "yote" ni neno tu, juu bile byama biko na misheni zenye gemu inajitungia yenyewe, unamaliza moja inakupa ingine, mpaka Yesu arudi.

Elden Ring (2022) iko tofauti: kama 60, kama 100, kama 135. Mwanya ni mudogo, juu hata mwenye anataka hadisi tu analazimika kutembea sana apate nguvu, ao ba bosi, maadui bakubwa, banamurudisha nyuma.

Na mwenye anapenda asilimia 100 ya kila kitu, minamuambia habari ya Zelda, Breath of the Wild ya 2017. Mule kuko mbegu 900 za ba Korok (bijini bya musitu) zenye zilifichwa chini ya mawe na juu ya miti. Ukikusanya zote 900, unajua banakupa nini? Mafi ya zahabu. Kweli, njo zawadi yenyewe. Na mu ileile gemu kuko bafundi benye banamaliza hadisi mu nusu saa haifiki, juu ukitoka tu ku ule mulima wa mwanzo, gemu inakuachilia uende mbio mpaka ku ngome ya Ganon, adui wa mwisho, ukitaka. Nusu saa, ao miezi kumi, ni wewe unachagua. Basi andika juu ya kaye: ya kwanza, ya pili, ao ya tatu. Miye mingi minachukuaka ya pili.

Hatua ya 2: jua ile namba ya ku intaneti inatokea wapi

Namba nyingi zinatoka ku HowLongToBeat, kule bachezaji benyewe banaandika walitumia masaa ngapi, kisha inapigwa katikati. Ni namba nzuri, minaitumiaka. Lakini fikiri nani anaandika: mwenye alimaliza. Mwenye alichoka mu Velen (jimbo moja la mu Witcher) akauzisha gemu, masaa yake haiko mule. Na hao bakuachaka ni bengi, hata batengenezaji balijua: kisha Witcher 3 balisema batu bengi hawakufika mwisho wa hadisi, njo maana Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 balikata hadisi yake kubwa ikawa fupi.

Kingine: gemu mingi, saa yenye inaonyesha ku sevu (pale gemu inahifadhi ulifika wapi) inarudi nyuma wakati unakufa na kurudia. Ulipigana na griffin, munyama mukubwa wa mabawa, dakika 40, ulikufa mara saba, ile sevu inajua tu mara ya mwisho yenye ulishinda. Masaa ya gemu ni kitu, masaa ya kiti ni kitu kingine. Wewe unalipa ya kiti. Kwa hiyo usitegemee saa ya gemu, andika mu kaye: nilikaa saa fulani, nilisimama saa fulani.

Hatua ya 3: pima masaa yako ya kweli mu juma

Hapa njo batu banajidanganya. Ukimuuliza mutu, atakuambia "minachezaka masaa matatu kila siku." Hapana, ndugu yangu. Andika juma mbili kamili mbele ya kununua gemu, andika kila jioni ulikuwa huru na umeme ulikuwako. Byote bibili kwa wakati mumoja.

Yangu ilikuwa hivi. Bakliya banatoka saa mbili za usiku. Minafunga mulango, minahesabu makuta, minakula bukari, inafika saa tatu. Saa tano macho inafunga. Masaa mawili basi. Kwa juma, jioni zenye umeme ulikuwa ku sale na miye sikuwa na matanga ao maombi ao mutoto mwenye homa, zilikuwa tatu, mara ine. Katikati: masaa sita na nusu mu juma. Mbele ya kuandika nilikuwa nasema kumi na tano, na nilikuwa naamini!

Kama uko na grupu ya umeme usiiweke mu hesabu, bei ya esansi utacheza nayo siku mbili tu. Mwenye iko na panel na bateri, sawa, lakini angalia kwanza tele yako inakula wati ngapi, ya zamani inaweza kula bateri kuliko Play. Na majira: mu kipwa hesabu inakuwa sawasawa, ila vumbi safisha ku ventilateri ya Play, mu mvua toa robo, juu radi ikianza kupiga miye minachomoa kila kitu ku ukuta, sichezi na radi ya Katanga.

Hatua ya 4: pima mwendo wako

Usingoje mwisho. Mu Witcher 3 kipimo kizuri ni White Orchard, ile kijiji ya mwanzo mbele ya kuitwa ku jumba la mufalme. Andika masaa ya kiti mpaka umetoka kule. Kuko petit mumoja, kliya wangu, alitoka na masaa matano, na alimaliza yote yake, hadisi na pembeni, na masaa 98, karibu sawa na ile namba ya ku intaneti, basi masaa yake matano minayahesabu kama mwendo wa kawaida, 1. Miye nilitoka na masaa saba. Saba kugawa na tano ni moja nukta ine, basi mwendo wangu ni 1.4, kila masaa kumi ya batu ni kumi na ine yangu.

Juu ya nini miye niko polepole? Juu minasoma. Kila kitabu, kila barua mu mufuko wa maiti. Gemu iko na Kifaransa ya sauti na ya maandiko, hakuna sababu ya kuruka. Elden Ring iko na maandiko ya Kifaransa tu, sauti ni ya Kiingereza, ukiwa si mutu wa Kiingereza ongeza mwendo wako kidogo, utasimama kusoma. Polepole si zambi, lakini iandike.

Hatua ya 5: hesabu yenyewe

Masaa ya ku intaneti, mara mwendo wako, ongeza sehemu moja ya kumi kwa bahati mbaya, kisha gawa na masaa yako ya juma. Yangu: 100 mara 1.4 ni 140. Ongeza 14 ni 154. Gawa na 6.5, inatoka juma 24 hivi. Nilianza mwanzo wa mwezi wa pili, hesabu ikaniambia katikati ya mwezi wa saba. Nilimaliza mwanzo wa mwezi wa munane, nilikosea na juma tatu, na hizo juma tatu nitawaambia zilienda wapi.

Ile ya sehemu moja ya kumi batu banaichekaka. Usiku mumoja niko Skellige, bisiwa bya mu Witcher, nilikuwa nimecheza tangu mchana juu ilikuwa sikukuu, masaa karibu matano, alama ya kusevu ikaanza kuzunguka ku pembe ya tele, na paaa, giza, quartier muzima. Umeme uliporudi kesho yake sevu ilikuwa imeharibika, ya nyuma yake ilikuwa ya mchana. Nilikaa juu ya kiti nikiangalia tu. Muke yangu aliuliza nani amekufa.

Tangu siku ile: sevu kwa mukono, tena tatu tofauti zenye zinapokezana, usiandike juu ya moja kila siku. Kila dakika 30, na kila mara mbele ya bosi. Elden Ring inajisevu yenyewe kila wakati na haina hata pause, basi kule dawa ni moja tu, onduleri kidogo (bateri ya kushika umeme ukikatika), dakika kumi za kutoka vizuri zinatosha. Na kama muko bengi ku Play moja, kila mutu afungue konte yake, mutoto wa yaya yangu alishaanzaka gemu mupya juu ya yangu, ile sitaki hata kuielezea.

Hatua ya 6: kata masaa bila kukata utamu

Kama hesabu imekutisha, kuko mahali pa kupunguza. Mu Witcher, alama za kuuliza za mu bahari ya Skellige, ziache. Zote karibu ni masanduku ya ba magendo, unaendesha mutumbwi, unazama, unapigana na basiren, unapata panga ya kuuzisha. Njo kule juma zangu tatu zilienda, na nilijua! Karata za Gwent, muchezo wa karata wa ndani ya gemu, cheza kama unapenda, lakini kukusanya zote ni kazi ya ofisi. Ugumu unaweza kuubadilisha mu opsyo wakati wowote, bosi mwenye amekuua mara kumi shusha, mupige, pandisha tena, hakuna polisi. Elden Ring haina ile, kule ni kuzunguka tu na kurudi na nguvu.

Yenye haufai kuruka: hadisi ya Baron mu Velen na bibi yake, chukua wakati, soma yote. Na mbele ya kwenda Isle of Mists, kisiwa cha mu hadisi, maliza misheni za pembeni za barafiki, juu kisha pale nyingi zinafungwa, gemu yenyewe inakuonya, lakini batu banabonyeza tu. Biongezo bibili, Hearts of Stone ni masaa kama 10 na Blood and Wine kama 20, hesabu peke yake, usivichanganye na ile 100, na usivikose.

Juma iliyopita petit mwingine, wa miaka kumi na sita, akaja anataka kuanza Skyrim hapa ku sale yangu, nyumbani kwabo haina Play. Tukakaa na kaye. Masaa 110, mwendo tuliuweka 1, iko anakuja masaa matatu mu juma, inatoka juma 37. Kisha tukaweka franka, nusu saa ni 500, basi 110,000. Miye njo ningezipata, lakini nilimuandikia vilevile, na mustari chini. Akaangalia ile namba, akaangalia tele, akatoa bei ya mechi moja ya mpira na akaomba manete (ya kushika mu mikono) yenye haivute ku kushoto.