Chuku kwenye stori sawa, kwenye malalamiko punguza

Jamani kutia chumvi kwenye stori ni raha, ukisema nimecheka mpaka mbavu zimevunjika au nimekusubiri miaka mia hakuna atakayekuita muongo, kila mtu anajua ni mbwembwe tu. Ila ukiwa unamlalamikia mtu achana kabisa na "kila siku" na "hujawahi hata mara moja", maana atakimbilia kukukumbusha ile mara moja aliyofanya na hoja yako inafia hapo, mnabaki kubishana hesabu. Taja tukio lenyewe, juzi ulichelewa na hukupiga simu, niliumia. Na kwa daktari ndo usithubutu, badala ya "nakufa" mwambie maumivu yameanza lini na yanakuzuia kufanya nini.