Namna ya Kumpima Msomaji Kabla ya Kuchagua Kitabu cha Sauti

Mtu anapochagua kitabu cha karatasi hujiuliza nani amekiandika. Anapochagua kitabu cha sauti hana budi kuuliza pia nani amekisoma, na mimi naona swali hili la pili ndilo la kuanza nalo. Wasomaji wengi wanaoifanya kazi hii kitaaluma hutamka maneno yapatayo 150 hadi 160 kwa dakika, kwa hiyo riwaya yenye maneno 100,000 huchukua karibu saa 11, na saa zote hizo utakuwa na sauti ileile sikioni. Mwandishi hodari akiangukia kwa msomaji asiyeielewa kazi yake, msikilizaji huchoka mapema na huenda akaondoka akiamini kwamba kitabu chenyewe ndicho kibovu.

Usitosheke na kionjo cha mwanzo

Maduka mengi ya vitabu vya sauti hutoa kionjo cha dakika chache, na mara nyingi kipande hicho hukatwa mwanzoni mwa kitabu, mahali ambapo msomaji bado ana nguvu na wahusika hawajaanza kujibizana. Kisikilize, lakini usikifanye kuwa hukumu. Ukiweza kukiazima kitabu maktabani, ruka hadi katikati, tafuta sehemu yenye mazungumzo ya watu wawili au watatu, kisha usikilize kwa dakika kumi bila kushika kazi nyingine.

Kwa anayetaka kulizoeza sikio lake, hakuna mahali pazuri kama LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 ambapo watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha. Kusikiliza ni bure, na vitabu vingi vina matoleo mawili au zaidi yaliyosomwa na watu tofauti. Chukua sura moja, isikilize kwa msomaji mmoja, kisha irudie kwa mwingine siku hiyohiyo. Maneno ni yaleyale, hivyo kila tofauti utakayoisikia ni ya msomaji, na baada ya kufanya hivyo kwa sura chache utaanza kusikia mambo ambayo hapo awali yalikupita.

Cha kusikiliza ni sentensi

Wengi husifu sauti nzito au tamu, nami sikatai kwamba sauti nzuri huvutia. Lakini uzuri huo huzoeleka upesi, na kinachobaki ni kama msomaji anaielewa sentensi kabla hajaianza. Sentensi ndefu humfichua msomaji haraka. Anayeielewa huvuta pumzi pale ambapo wazo limetua, hata kama hapana alama ya mkato, na asiyeielewa hukata pumzi katikati ya maneno yanayotegemeana, kisha huumalizia mstari kwa mshuko uleule wa sauti aliomalizia mistari yote iliyotangulia. Mshuko huo ukishausikia mara nne mfululizo, hutaacha kuusikia tena.

Kipimo kingine ni maneno yanayokuja baada ya kauli ya mhusika. Tuseme kitabuni mmeandikwa: «Usifungue mlango,» alinong'ona mzee. Msomaji ambaye hakujiandaa huitoa amri hiyo kwa sauti kubwa, ndipo akutane na neno «alinong'ona» likiwa limechelewa, na ile hofu iliyokusudiwa na mwandishi inakuwa imepotea. Aliyejiandaa ameipitia sura nzima kabla ya kuingia studio, kwa hiyo mnong'ono unaanzia kwenye neno la kwanza. Hali ni hiyohiyo kwa maswali: «Amefika» na «Amefika?» hutofautiana kwa kiimbo tu, na msomaji anayelianza swali kama kauli ya kawaida, akikumbuka alama ya kuuliza alipofika mwisho, anaonyesha kwamba macho yake hayakumtangulia.

Kuhusu sauti za wahusika, hapa natofautiana na wasikilizaji wengi. Jim Dale, mwigizaji kutoka Uingereza, alitambuliwa na Guinness World Records kwa kuwapa sauti wahusika 134 katika kitabu kimoja, na kipaji kama hicho ni adimu kweli. Hata hivyo, msomaji wa kawaida anayejaribu kumpa kila mtu sauti yake mara nyingi huishia kwenye vikaragosi: wanawake wote wanasema kwa sauti nyembamba ya kubana, wazee wote wanakwaruza, na mgeni anapewa lafudhi ya kubuni inayomdhalilisha. Nampendelea msomaji anayebadilisha kidogo tu mwendo na uzito wa sauti, huyu akisema upesi, yule akisitasita, kiasi kwamba unajua nani anazungumza bila kukumbushwa kwamba kuna mtu anaigiza. Cha lazima ni msimamo. Mhusika aliyekuwa na sauti fulani katika sura ya pili awe nayo pia katika sura ya ishirini, ingawa kati ya sura hizo huenda zimepita siku kadhaa za kurekodi.

Sikiliza pia kazi ya studio. Msomaji anapokosea, kwa kawaida rekodi hurudishwa nyuma kidogo na kusomwa upya kuanzia hapo. Ikifanywa vizuri, hutatambua chochote. Ikifanywa kwa haraka, sauti hubadilika rangi ghafla katikati ya aya, kana kwamba mtu amehamia chumba kingine. Hitilafu moja au mbili zinavumilika. Zikijirudia kila sura, pamoja na mlio wa kumeza mate, huo ni uzembe wa mchapishaji, na msomaji asilaumiwe peke yake.

Aina ya kitabu, toleo na kasi

Kumbukumbu za maisha hupendeza zaidi zikisomwa na mwenyewe aliyeziandika, hata kama sauti yake haina mafunzo. Riwaya ni jambo jingine, kwa kuwa kuandika na kusoma kwa sauti ni stadi mbili tofauti. Vitabu vyenye majedwali na takwimu nyingi huhitaji macho, si masikio; achana navyo.

Hakikisha unachochukua ni toleo kamili. Enzi za kaseti, ambapo kaseti ya kawaida ilichukua dakika 60 au 90, wachapishaji walivifupisha vitabu vingi ili viingie katika kaseti chache, na baadhi ya matoleo hayo bado yanazunguka.

Kasi usiiguse katika sura ya kwanza. Programu za leo huharakisha usomaji bila kuifanya sauti iwe nyembamba, na kwa kitabu cha maarifa sioni ubaya wa kufika mara moja na nusu. Kwenye riwaya, vituo vya kimya ni sehemu ya usimulizi, na kasi huvifuta kwanza.

Sauti za akili unde zinahitaji uamuzi wa makini. Vitabu vya kusikiliza vilienea kwanza kwa ajili ya wasioona, Marekani kuanzia mwaka 1934 na Uingereza mwaka uliofuata, na sauti za mashine zimewafungulia watu hao maandishi mengi ambayo hakuna mtu angeyarekodi. Hilo ni jambo kubwa na sitalipinga. Ila kwa riwaya sizichagui, kwa sababu mara nyingi hazionyeshi vizuri neno lipi lina uzito, na naamini msikilizaji ana haki ya kuambiwa mapema kwamba anayemsomea si mtu.

Unapoandika maoni yako

Usiandike tu kwamba ulichoka. Tenganisha kosa la mwandishi na la msomaji, na njia ya kulitenganisha ni rahisi: tafuta aya hiyohiyo iliyochapishwa, uisome mwenyewe kwa sauti. Ikikutoka vizuri, mwenye kosa ni msomaji. Nawe pia ukijikwaa palepale, mzigo ni wa mwandishi. Kisha taja sura na dakika uliposikia jambo hilo, liwe zuri au baya, ili mwenzako aende moja kwa moja mahali hapo na kuamua kwa sikio lake mwenyewe.