Somo: Kuanza Kusadikika na kidato cha kwanza bila kuwalaza usingizi

Miaka yangu ya mwanzo riwaya hii ya Shaaban Robert niliiua kwa ubao mmoja: mwandishi alizaliwa 1909, akafariki 1962, dhamira hizi, fani hii. Kengele inagonga, nusu ya darasa vichwa viko kwenye madawati. Siku hizi wasifu nauweka mwisho.

Hatua ya 1. Usigawe vitabu. Ingia na shtaka. Kuna kijana anaitwa Karama, ameshtakiwa kwa kufundisha watu uanasheria, na mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Hilo ni kosa? Wapige kura kwa mikono, andika hesabu pembeni mwa ubao, nakili kwenye daftari lako. Kisha uliza nani amewahi kuadhibiwa bila kusikilizwa. Mtoto wa miaka 13 kwa uonevu hana mchezo; utapata visa vya nyumbani, vya bwenini, na vingine vya kwako wewe mwenyewe. Vumilia. Kipindi kizima kikiisha kwa ubishi, hakijapotea.

Hatua ya 2. Andika majina: Majivuno, Karama, Fadhili, Ridhaa, Amini. Wabashiri tabia. Neno "majazi", yaani jina linalobeba tabia ya mhusika, litakuja lenyewe baadaye.

Hatua ya 3. Wasomee mwanzo kwa sauti, wewe mwenyewe. Nchi inaelea angani, wachore. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza huko juu kisima wanachimba wapi. Sikuwa na jibu, na tangu siku ile hakukosa kipindi.

Hatua ya 4. Katika utetezi wake Karama anasimulia wajumbe sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanarudi na mambo ya kuifaa nchi, wanaishia kifungoni. Makundi sita, kila kundi mjumbe mmoja, kisha kila kundi litoe ushahidi mbele ya darasa.

Hatua ya 5. Sasa taja mwaka riwaya ilipochapishwa: 1951. Tanganyika iko chini ya Uingereza, na mwandishi ni mtumishi wa serikali hiyohiyo. Uliza kwa nini nchi yake aliipeleka angani. Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuuma.

Maswali ya walimu wenzangu

*Mwalimu, nina nakala nne kwa wanafunzi 60.*
Ndiyo maana ya makundi, ndugu yangu. Nakala moja inazunguka, msomaji mmoja kwa sauti, wengine wanaandika. Fanya makundi matatu leo, matatu kesho.

*Shikamoo mwalimu. Msamiati wake mgumu, niwape orodha kwanza?*
Marahaba. Hapana, orodha ya maneno 40 inafunga mlango. Chagua matano ambayo bila hayo kesi haieleweki. Mengine wayakisie, kamusi iwe mezani.

*Wangu wananunua miongozo, riwaya hawaigusi.*
Wangu pia. Mwongozo una dhamira, hauna kisima. Uliza maswali ambayo mwongozo haujayawaza.

*Wote wakipiga kura kwamba Karama hana hatia, ubishi utatoka wapi?*
Hutokea karibu kila mwaka, dada. Mteue msemaji kuliko wote, yule anayekukatiza somo, umpe nafasi ya Majivuno na siku mbili za kujiandaa. Wangu wa mwaka huu aliwageuza kumi na moja.