Austin Seven inayumba: anzia nyuma, boksi la stelingi liwe la mwisho

Wakuu, Austin Seven, gari ndogo za Kiingereza, zilitengenezwa Longbridge, Birmingham, kuanzia 1922 hadi 1939, na sifa yao ya kuyumba inajulikana. Wengi hukimbilia kufungua boksi la stelingi, yaani lile lenye gia za usukani. Mimi naona huko ni kuchelewa: usukani wa gari hii unajibu haraka mno, kwa hiyo ubovu wa popote unafika mikononi mwa dereva.

Hatua ya 1. Upepo. Pima tairi zote zikiwa baridi.

Hatua ya 2. Springi za nyuma. Hapa usiwe na haraka. Kila springi imefungwa kwenye chesisi kwa mbele tu. Ncha yake ya nyuma ndiyo inayobeba ekseli. Bodi likilala kwenye kona, upande wa nje wa ekseli unarudi nyuma kidogo na wa ndani unasogea mbele. Yaani magurudumu ya nyuma nayo yanapiga kona, na gari inakata zaidi ya ulivyotaka. Imeumbwa hivyo, haiponi. Ila bushi zikilegea inazidi. Shika gurudumu, lisukume mbele na nyuma huku mwenzako akiangalia pini za springi. Kisha shokapu za msuguano (za sahani zinazosuguana, si za mafuta): zikaze sawa kulia na kushoto.

Hatua ya 3. Mbele. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwenzako afunge breki za mbele. Mchezo ukikata, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele linageukia. Usisahau ile bolu (kiungo cha mpira wa chuma) inayoshika mikono ya ekseli katikati ya chesisi. Ikiisha, ekseli inahama kila unapofunga breki.

Hatua ya 4. Sasa boksi. Meno ya gia huisha pale gari inapokwenda moja kwa moja, kwa sababu ndipo yanapofanya kazi siku nzima. Ukikaza hadi mchezo uishe hapo, usukani utakwama ukikata kona kali. Waingereza hawa walikuwa wajanja: gia ya ndani ina meno mzunguko mzima. Ifungue, izungushe robo, upate meno ambayo hayajaguswa.

MASWALI

Mkuu, naweza kufunga tairi za waya (radial)?
Zikipatikana za saizi yake, funga zote nne. Usichanganye na za nailoni, hasa kwenye ekseli moja.

Yangu haiyumbi, ila nikigonga shimo usukani unatetemeka hadi nipunguze mwendo.
Rudia hatua ya 3, halafu ukapime balansi ya magurudumu. Shokapu za mbele zikiwa zimelegea, mtetemo ukianza haukati.

Morris Eight ya 1935 nayo ni hivyohivyo?
Hapana. Ile springi zake zimeshikwa ncha zote mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma haihami kiasi hicho. Wewe anzia kingipini.