Gesi ya nchi isiyo na bahari: namna ya kumjua aliyeshika koki

Watu wa Tanga tuna mfano mlangoni. Uganda haina bahari, na mafuta yake ya Hoima yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, kilomita 1,147 zikiwa Tanzania. Anzia hapo, kisha upime gesi ya nchi yoyote iliyofungiwa bara.

Kwanza, chukua ramani na penseli. Lifuate bomba toka kisimani hadi kwa mnunuzi, kila mpaka utie alama. Gesi ya Turkmenistan iendayo China huvuka mipaka mitatu, kwa kupitia Uzbekistan na Kazakhstan.

Pili, tafuta nauli ya kusafirisha. Ya bomba la Tanga ilikubaliwa dola 12.77 kwa pipa. Zidisha kwa mapipa 216,000 kwa siku: dola 2,758,320. Wengi hukosea hapa wakidhani fedha hizo zote zinaingia hazina ya Tanzania. Zinalipwa kampuni ya bomba, ambamo TPDC, shirika la petroli la serikali ya Tanzania, ina hisa asilimia 15 tu.

Tatu, na hapa usiharakishe, tenganisha mafuta na gesi. Mafuta ya Hoima yana nta, huganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo sababu bomba la inchi 24 huvikwa kinga ya joto na kupashwa moto njia nzima. Lakini yakishafika kwenye matangi ya Chongoleani, meli yoyote itayapakia. Mnunuzi huyu akikuzingua, unamuuzia mwingine. Gesi haikupi nafasi hiyo. Kuipakia melini sharti uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo upungue kama mara 600, na kiwanda cha kazi hiyo nchi ya bara itakijenga kwa jirani mwenye pwani. Isipoweza, inabaki na yule aliye mwisho wa bomba.

Kwa hiyo mkatabani tafuta vitu vitatu: kiasi ambacho mnunuzi atalipia hata asipokichukua, kanuni ya bei, na siku za taarifa kabla ya kupunguza uchukuaji. Hicho cha tatu husahaulika. Aprili 2009 bomba la Turkmenistan kuelekea Urusi lililipuka; Turkmenistan ikadai mnunuzi alipunguza uchukuaji ghafla, presha ikapanda. Mauzo yalisimama hadi Januari 2010. Bahati yao, bomba la China lilikuwa limefunguliwa Desemba.

Mwisho, sikiliza wenye gesi wenyewe. Mwaka 2003 Bolivia ilitaka kupitishia gesi yake Chile, nchi iliyoinyang'anya pwani katika vita vilivyoanza 1879. Watu waliingia barabarani, wengi wakauawa, na Oktoba Rais Gonzalo Sánchez de Lozada akajiuzulu. Kidonda cha aina hiyo hukioni kwenye mkataba. Kiulizie sokoni na kwenye vyama vya wafanyakazi kabla bomba halijachimbiwa mtaro.