Somo: Kupokea maswali ya watu mtandaoni bila kumwanika aliyeuliza

Wenye kurasa na magrupu huku kwetu Mtwara na Lindi wana kilio kimoja: "Naposti kila siku, watu wanapita tu." Si kwamba hawana maswali. Weka mada ya makato ya korosho kwenye grupu la WhatsApp ambalo mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) naye yumo, uone nani atajitokeza. Kimya! Usiku ndiyo inbox inajaa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chombo chochote, jiulize nani ataliona jina la muulizaji.

Hatua ya 1: Chagua chombo

Instagram ina stika ya maswali. Fungua stori, weka picha, chagua stika, andika unachouliza, posti. Inakaa saa 24. Ukijibu hadharani jina la muulizaji halitokei, ila wewe unaliona. Waambie hivyo mapema, wasije wakadhani umewafichia.

Kura ya WhatsApp ni nyepesi na inabeba hadi machaguo 12, lakini kwenye grupu yeyote anaweza kubonyeza akaona nani kachagua nini. Inafaa kwa "kikao Jumamosi au Jumapili?" Kwa mambo ya pesa, achana nayo.

Mambo mazito mimi nayapeleka kwenye fomu ya Google. Ingia kwenye mipangilio, zima kukusanya barua pepe, kisha zima na sharti la jibu moja kwa kila mtu, maana likiwashwa linamdai aingie kwa akaunti yake. Hapo ndipo wengi wanakwama, halafu wanashangaa mbona hakuna aliyejaza.

Ukumbini penye projekta, tumia Slido, tovuti ya kupokea maswali ya watu. Watu wanaingia kwa namba ya kujiunga (code) au kwa kuskani QR, hawajisajili, na swali lililopigiwa kura nyingi linapanda juu. Wenye vitochi wape vikaratasi, wewe uwaandikie.

Hatua ya 2: Uliza kitu chembamba

"Nani ana swali?" haimtoi mtu. Uliza, mathalani kuhusu salfa, dawa ya mikorosho: "Msimu uliopita salfa ilikusumbua wapi: bei, kupatikana, au kupuliza?" Hapo mtu wa Tandahimba anakumbuka shamba lake na anaanza kuandika.

Hatua ya 3: Jibu kwa siku uliyoahidi

Nakili swali kama lilivyo, hata kama limeandikwa kimkato: "salfa ya unga nikipuliza saa 4 asbh kuna shida?" Usianze na historia ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Sema: puliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, unga ushike, saa 4 mara nyingi umande umeshakauka. Swali la vipimo usilibunie jibu, lipeleke kwa afisa ugani au TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo), kisha urudi na walichosema.

Yanayojirudia yabandike juu ya grupu. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Mwalimu shikamoo. Nauza vitenge, nimeweka stika mara kadhaa hakuna anayeuliza. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Wateja wanakuuliza dukani kila siku, si ndiyo? Yachukue hayo, yajibu kwenye stori na useme yametoka dukani. Usijitungie maswali ukajifanya umetumiwa. Mji wetu mdogo, watajua.

Mwanachama, Nachingwea: Wakijificha si watatukana?
Jibu: Watatukana wachache. Tusi lifute, usilijibu. Ila "mbona mwaka jana hamkutusomea mapato na matumizi?" si tusi, kaka. Hilo lijibu la kwanza.

Mwanachama, Kilwa: Watu wangu wanalia bando. Niende laivu?
Jibu: Usiende. Jibu kwa maandishi, au kwa sauti fupi ya WhatsApp kwa wasiopenda kusoma. Laivu inamaliza bando la mtu kabla hujafika kwenye swali lake.

Mwanachama, Newala: Kwenye fomu naweza kuomba jina na namba ya simu, ili niwapigie?
Jibu: Dada, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Usikusanye usichokihitaji. Weka nafasi ya namba iwe ya hiari, andika pembeni kwamba ni kwa anayetaka kupigiwa tu, na ukishampigia ifute. Na hiyo fomu usimpe mwenyekiti aifungue.