Miezi sita kazini: namna ya kuhesabu muda wako kabla ya kudai haki

Kibarua wa chai Mufindi au Rungwe, au wa mbao Mafinga, anayepewa mikataba ya miezi mitatu mitatu huambiwa kwamba kila mkataba mpya unaanza hesabu upya. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri yule yule, awe na mkataba mmoja au zaidi. Kwa hiyo miezi ya mikataba yote inajumlishwa. Aliyefanya kazi Januari hadi Machi, kisha Aprili hadi Juni, akaanza mkataba wa tatu Julai na kuondolewa Agosti, ameshavuka mstari.

Anza kwa kuandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza kila mkataba, kisha angalia jina la mwajiri kwenye kila karatasi. Hapa ndipo madai mengi huvunjika: mkataba wa kwanza una jina la kampuni, wa pili una jina la wakala, na mwajiri anasema hao ni watu wawili. Kusanya kadi za kupimia majani, hati za mshahara, ujumbe wa malipo ya simu na taarifa ya michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa: mwajiri akishindwa kuuleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai ni wake.

Likizo yenye malipo nayo ina kizingiti cha miezi sita, lakini mfanyakazi wa msimu hafungwi nacho. Na aliyerudi kwa mwajiri huyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka anaipata iwapo jumla imezidi miezi sita. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi, kinataka miezi 12 mfululizo, na mwajiri ndiye awe amekuachisha. Ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Unayelipwa 260,000 kwa mwezi kwa kazi ya siku sita kwa wiki, gawanya kwa 26: siku moja ni 10,000, mwaka mmoja ni 70,000. Miaka minne na miezi tisa inakupa 280,000, kwa sababu ile miezi tisa haihesabiwi. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati, wala ambaye mkataba wake umeisha kwa muda.

Mshahara wa kazi uliyofanya na kinga dhidi ya ubaguzi havisubiri miezi yoyote. Notisi pia: siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, baadaye siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au 4 kwa wa siku au wiki.

Mwajiri akisema "mkataba umeisha tu", jiulize kama mazoea ya kuuongeza, au ahadi yake, vilikupa matarajio ya haki kwamba ungeongezwa. Kukataa kuuongeza katika hali hiyo huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na hilo liandike waziwazi kwenye fomu ya kufungulia madai.

Fomu hiyo ni CMA F1, ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nenda ofisi yake Mbeya au Iringa. Una siku 30 tangu kuachishwa. Kwa madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Jaza Sehemu B pia, ile ya kuachishwa kazi, na utaje kila kiasi unachodai, maana usichokiandika ni vigumu sana kukipata baadaye. Mpe mwajiri nakala na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.

Ukishachelewa, ambatanisha CMA F2 kuomba muda zaidi, ukieleza kilichokuzuia siku kwa siku. "Sikujua sheria" haihesabiwi kuwa sababu.